Acheni kulitia boga sukari, litieni limao

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, manake limenikaa kifuani tangu Jumapili ya juzi na mwenzangu hapa nyumbani kashachoka kunisikiliza, kaniambia hayo maneno si ukawaandikie wenyewe. Haya, nawaandikia.

Ni ile resipi ya saladi ya boga kwenye ukurasa wenu wa mapishi. Mlisema tuchukue boga la ganda gumu, tulimenye, tulikatekate, tulijaze kwenye trei, tutie maji nusu kikombe na vijiko vinne vya sukari, tufunike na foili, tuoke nyuzi 160 kwa saa nzima, likipoa tulichanganye na majani. Na kule chini mkaongeza eti anayejali afya yake asitie mafuta kabisa. Mi nikafuata neno kwa neno, sikuruka hata koma, manake nilikuwa na wageni na siku ya wageni sio siku ya kujifanya mjuaji.

Kilichotoka kwenye ile trei, Mhariri, sijui nikiite nini. Nafunua foili mvuke unanipiga usoni, chini kuna maji ya manjano yametuama, vipande vimelowa, ukigusa na uma vinameguka, rangi imepauka kama shuka iliyofuliwa mara mia. Nikachanganya na majani, majani yakalegea hapohapo. Mama mkwe akaonja kijiko kimoja, akakiweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni saladi au kuna mtoto ameota meno?" Hamna mtoto wa kuota meno kwetu, wa mwisho ana miaka kumi na nne. Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, ila ndani nilikuwa natafuta pa kujificha.

Sasa mi sio mpishi wa hoteli, ila boga nimelipika kwenye oveni miaka mingi, na kosa langu siku ile lilikuwa kuacha ninachokijua nikafuata nilichosoma. Makosa ya ile resipi yako kama manne hivi lakini yote yana mzizi mmoja, mwandishi wenu anadhani boga limepungukiwa utamu kwahiyo anahangaika kuliongezea. Boga halijapungukiwa utamu! Utamu linao, sema umezama kwenye maji, manake boga bichi la batanati (lile lenye umbo la chupa, shingo ndefu tumbo chini) karibu asilimia 86 ni maji matupu. Kwahiyo ukitaka lisiwe chapwa unalitoa maji kwa moto mkali, afu ule utamu ukishajitokeza unautafutia kitu kichachu cha kuukata. Basi. Nyie mmeliongezea maji mkalinyima moto, mkaliongezea sukari mkalinyima limao.

Nianze na moto. Kipande cha boga kikiwa na maji juu yake hakiwezi kupata joto zaidi ya nyuzi 100, hata oveni iwe inawaka kama jehanamu, manake joto lote linaishia kwenye kuyachemsha yale maji. Na ule wekundu wa pembeni, ile harufu inayoita watu kutoka vyumbani, hauanzi kutokea vizuri mpaka juu ya kipande pafike kama nyuzi 140 na zaidi. Wataalamu wanauita mmenyuko wa Maillard, kwa jina la mkemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, halafu juu ya huo na sukari yenyewe ya boga inaanza kugeuka karameli. Sasa wewe umetia maji, umefunika foili, umejaza trei mpaka vipande vinakaliana vichwani, hapo hujaoka, umechemsha kwa bei ya umeme wa oveni. Ungeweka sufuria jikoni ungemaliza mapema.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Oveni nyuzi 220, na naiwasha mapema, tena trei naiacha humohumo ndani ipate moto. Boga la kama kilo moja nakata vipande vya sentimita mbili na nusu hivi, nafuta kwa taulo ya jikoni kama vina unyevu, natia vijiko viwili vikubwa vya mafuta na kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa, nachanganya kwa mkono mpaka kila kipande king'ae. Natoa trei ikiwa ya moto, namwaga vipande, na vikigusa bati unavisikia chaaaa! Usipousikia huo mlio ujue trei haijapata moto, irudishe. Afu unavitawanya, kila kipande kiwe na nafasi yake, kisipakane na mwenzie, upande wa bapa uangalie chini. Vikizidi tumia trei mbili, na katikati ya mapishi uzibadilishe, ya juu ishuke ya chini ipande, manake oveni nyingi za nyumbani zinawaka upande mmoja kuliko mwingine.

Halafu uache. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, kila dakika tano wanafungua mlango kuchungulia, moto wote unatoka, na wengine wanakorogakoroga kama maharage. Acha dakika 20 bila kugusa. Ukija kugeuza kipande kikikatalia kwenye bati usikikwangue, kinakwambia bado, chenyewe kikiiva upande huo kinaachia. Geuza mara moja tu, rudisha dakika kumi au kumi na tano. Ukitoa uone pembe zimekuwa kahawia, zingine zimeungua kidogo kabisa kwenye ncha (hiyo ndo tamu zaidi, kwetu inagombaniwa), katikati uma unapita bila ugomvi ila kipande kinasimama chenyewe. Na utaona kimesinyaa, kilikuwa kimejaa trei sasa kimebaki nusu, usishtuke, hayo ni maji yameondoka na utamu umebaki.

Kitunguu saumu kwa moto huo usikisage ukakitia mwanzoni, kitakuwa kichungu na cheusi, weka punje nzima na maganda yake vikiwa pamoja na boga, ukitoa unavikamua vinatoka laini kama siagi. Asali vilevile. Niliwahi kumwaga asali mwanzoni nikijiona mjanja, ile trei ililala kwenye maji ya moto usiku kucha na asubuhi bado nikatumia kisu. Kama lazima utie asali tia dakika tano za mwisho, na mi nasema sio lazima.

Kuhusu kulikata, manake najua kuna wanaoliacha boga sokoni kwa kuogopa tu kulikata, na sio uoga wa bure lile ganda limeshakata vidole vya watu. Kata kwanza ncha zote mbili upate bapa, halafu litenganishe shingo na tumbo, sasa kila kipande unakisimamisha juu ya bapa lake hakiyumbi, ndo unamenya kwa kushuka chini. Likiwa gumu sana litoboe toboe kwa uma uliweke kwenye maikrowevu dakika mbili tatu, ganda linalegea. Kutoboa usisahau. Na mikono yako ikianza kukaza ngozi na kubanduka kama umepaka gundi usikimbilie hospitali, ni utomvu wa batanati huo, unawapata watu wengi, vaa glavu au jipake mafuta kabla ya kuanza.

Au usimenye kabisa. Kuna haya mengine, delikata, jembamba refu la michirizi ya kijani, ganda lake ni laini linaliwa, unakata vipete tu. Na kabocha, lile la kijani kilichokoza lililobonyea kama mpira uliokaliwa, nalo ganda lake likiokwa linaliwa bila shida. Ila kabocha ni kavu, nyama yake ya unga unga, inataka mafuta zaidi na sosi zaidi, ukiifanya kama batanati itakukwama kooni. Lile la tambi, ambalo likiiva nyama yake inachambuka nyuzi nyuzi kama tambi, ndo mi silipendi kwa saladi, ni la majimaji, ila kwa anayelipenda alikate kwa upana na sio kwa urefu, manake zile nyuzi zimezunguka ndani kama pete, ukilikata kwa urefu unazikata zote fupi.

Mwandishi wenu pia aliandika kwamba haya ya ganda gumu yanaitwa maboga ya msimu wa baridi kwasababu yanavunwa wakati wa baridi. Sio hivyo. Yanavunwa kabla baridi haijaingia, yameshakomaa ganda limekuwa gumu, na kwakuwa ganda ni gumu yanakaa miezi bila kuoza, ndo yanaliwa wakati wa baridi. Batanati nzima mahali pakavu penye ubaridi kiasi, kama nyuzi 10 mpaka 15, inakaa miezi miwili mitatu bila wasiwasi, na isiwe friji. Na kabocha ukilila siku limevunwa utalalamika halina ladha, linatakiwa likae wiki kadhaa, wanga wake ugeuke sukari wenyewe polepole. Kwahiyo kama unataka boga tamu, chagua lililokomaa, kikonyo kimekauka kama kijiti, ganda halina mng'ao na ukucha hauingii, na ukilibeba liwe zito kuliko unavyolidhania. Hapo vijiko vinne vya sukari vitabaki kwenye kopo.

Sasa uchachu, ambao ndo ulinifanya nikashika kalamu.

Boga likishaokwa vizuri utamu wake unakuwa mnene, unafunika ulimi. Vipande vitatu vya kwanza unafurahia, cha nne unaanza kusitasita, cha sita umekinai. Ukilipa limao ulimi unafunguka upya kila tonge. Sio kwamba utamu unapungua, unausikia vizuri zaidi. Mnayebisha fanyeni kitu kidogo tu, chukueni vipande viwili vya boga lililookwa, kimoja kiacheni hivyohivyo, kingine kikamulieni matone matatu ya limao na chembe ya chumvi. Kuleni cha kwanza, halafu cha pili. Nitasubiri.

Vitabu vingi vya mapishi vinakwambia sosi ya saladi ni mafuta matatu kwa siki moja. Kwa majani matupu sawa. Kwa boga hapana, huo ukali utamezwa, hutausikia hata. Mi natia sawa kwa sawa, mafuta vijiko vitatu na limao vijiko vitatu, nikiona ni kali sana naongeza mafuta kijiko kimoja, hapo nimeshajionea huruma.

Na mpangilio una maana yake. Naanza na kitunguu maji kidogo kilichokatwa vipande vidogo vidogo kabisa, nakilowesha kwenye lile limao pamoja na chumvi, dakika kumi. Ule ukali wa kitunguu unaotoa machozi unapoa, kinakuwa cha waridi kidogo kama ni kitunguu chekundu, na chumvi inayeyuka. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, ndo maana wanaoanza na mafuta wanakuja kutafuna chembe za chumvi. Kama unapenda kitunguu saumu kibichi kisage umwagie limao hapohapo kabla ya chochote, asidi inakizuia kisiwe kikali cha kukaa mdomoni mpaka kesho yake. Halafu haradali, kijiko kidogo kimoja. Wengi wanadhani haradali ni ya ladha tu, ladha ndiyo, lakini pia ndo inayoyashikanisha mafuta na limao, manake hivyo viwili havipatani, ukivikoroga vikaungana ukigeuka tu vimeachana kila mtu na njia yake. Ukiwa na haradali sosi inakuwa nzito, inashika kwenye boga badala ya kukimbilia chini ya bakuli. Mafuta yanaingia mwisho, kidogo kidogo huku unakoroga, au tia vyote kwenye chupa ya jamu funga kifuniko utikise kwa nguvu, mi ndo ninavyofanya na hamna aliyewahi kulalamika.

Usionje sosi kwa kijiko! Ukionja kwa kijiko utaiona kali utaharibu kwa kuongeza asali. Chovya kipande cha boga, onja hicho. Kikikukunja uso kidogo halafu ukataka kingine, imekolea.

Limao sio lazima. Ndimu ni sawa, ina harufu yake, siki ya tufaa ni nzuri sana na boga, siki nyeupe ya kawaida ni kali bila harufu kwahiyo ipunguze kwa maji kidogo. Ganda la limao kwangua ile njano ya juu tu uitie, ukifika kwenye nyeupe acha, chungu. Ila siki ya balsamiki ile nzito ya kumwagia kama sharubati, ambayo nyinyi mlipendekeza kama mbadala, hiyo imejaa utamu, tumerudi kulekule. Na mtindi mzito je? Mtindi ni rafiki mkubwa wa boga na watu hawajui. Mtindi, limao, kitunguu saumu kidogo, chumvi, unaupaka chini ya sahani kama kitanda, boga la moto juu, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, nanaa iliyochanwa kwa mkono. Mi siku nyingine nakula hicho tu usiku na mkate na sihitaji mtu wa kuongea naye.

Limao msitie kabla ya kuoka, najua kuna atakayesema kwanini nisiloweke kabisa. Asidi inalifanya boga lichelewe kulainika, na yale maji ya limao yanarudisha tatizo la mvuke, na yakiungua yanakuwa machungu. Boga linaokwa na mafuta na chumvi, linakutana na limao likishatoka. Na likutane nalo likiwa bado la moto, sio la kuunguza ila la kufuka, hapo linanyonya. Nusu ya sosi namwagia hapo naacha dakika kumi. Nusu nyingine inasubiri majani.

Majani nayo yana adabu zake. Yakaushe kabisa, manake jani lenye maji mafuta hayalishiki, sosi yote inateleza inaishia chini. Chagua yenye uchungu kidogo au yenye kukereketa, ile laini isiyo na ladha itapotea mbele ya boga. Na yatie sosi dakika ya mwisho, watu wameshakaa mezani, asidi inayalegeza na ile kijani inageuka rangi ya majani makavu ukiiacha muda. Boga likiwa vuguvugu sawa, likiwa la moto ni yale yaliyonikuta mimi mbele ya mama mkwe. Juu hapo weka kitu cha kutafuna, karanga au lozi zilizokaangwa, na kitu cha chumvi, jibini la chumvi chumvi la kumegeka kama feta linafanya kazi nzuri sana. Komamanga ukilipata, punje zake ni chachu na zinapasuka mdomoni, weka. Yasizidi hayo. Nimeona saladi ya boga ina vitu kumi na tano, boga lenyewe unalitafuta kwa tochi.

Na hili la kusema anayejali afya asitie mafuta, hapa kwakweli naomba mrekebishe gazetini kabisa. Ule umanjano wa boga ni beta karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na inayeyuka kwenye mafuta sio kwenye maji. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2004, watu walipewa saladi za majani, nyanya na karoti, mara ina sosi isiyo na mafuta, mara yenye mafuta kidogo, mara yenye mafuta ya kutosha, wakapimwa damu. Waliokula ile isiyo na mafuta karibu hawakunyonya kitu cha karotini, na kadri mafuta yalivyoongezeka ndo ilivyoingia zaidi. Mtu anakula boga lake kavu anajua anajitendea wema kumbe mzigo mkubwa wa ile karotini unapita tu. Sisemi aogelee kwenye mafuta, vijiko vichache vinatosha.

La mwisho sikuliona kwenye ukurasa wenu na lilipaswa kuwepo. Boga chungu haliliwi. Simaanishi lisilo na utamu, namaanisha chungu, ule uchungu wa kushtua unaokufanya uteme. Ni kemikali inaitwa kukabitasini, mmea unaitengeneza kujilinda na wadudu na wanyama. Maboga ya porini yalikuwa nayo mengi, watu wa kale kule Mexico walipoanza kulima maboga, kama miaka elfu kumi iliyopita, inaaminika walikuwa wanafuata mbegu, nyama ilikuwa hailiki, na ni kwa kuchagua chagua mbegu kizazi hadi kizazi ndo tukapata haya matamu. Sasa uchungu unaweza kurudi, hasa mtu akihifadhi mbegu za boga lililopandwa jirani na yale ya mapambo, yanachavushana na mwaka unaofuata linatoka boga zuri kwa macho ila sumu. Na kupika hakuiondoi, sukari haiiondoi, limao ndo kabisa. Mwaka 2015 Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula zukini chungu kutoka bustanini, na zukini ni ukoo huohuo wa maboga. Kwahiyo kabla ya kuingiza boga oveni kata kichembe kibichi, gusisha ulimi. Kikiwa chungu tema, tupa boga zima, usione haya kwamba umetupa chakula.

Sasa Mhariri ombi langu ni dogo. Mwambieni huyo mwandishi arudie ile resipi, nyuzi 220, trei isijae, bila foili, bila maji, bila sukari, mafuta yawepo, na limao liandikwe kwa herufi kubwa. Mi Jumapili ilopita nilirudia kwa njia yangu, wageni walewale. Mama mkwe hakusema chochote, ila bakuli lilipofika kwake mara ya pili alikwangua sosi iliyobaki chini kwa kipande cha mkate, akanikabidhi likiwa halihitaji hata kuoshwa.

Ni mimi msomaji wenu wa kila Jumapili.

N.B. Mbegu mlisema tutupe. Msitupe! Zioshe ute utoke, zikaushe kwa taulo mpaka zisinate, mafuta kidogo na chumvi, nyuzi 170 kama dakika 15 mpaka 20, zigeuze mara moja, zikianza kupasuka pasuka toa. Afu ukizitoa zikiwa moto zikamulie ndimu, itakauka juu yake na chumvi. Hizo ndo za kumwagia juu ya saladi, kama zitafika kwenye saladi.